Jiwe Linalopenda Maji

Jumatatu, 6 Mei

Nyota yangu inang'aa hata mchana! Wenzangu wanahangaika na vyeti; mimi mkurugenzi wa maabara alinitupia jicho mara moja tu, akasema huyu ndiye. Sasa nasafisha chumba cha mawe. Si mawe ya kujengea, la! Yamechimbwa chini kabisa ardhini, yakakatwa vipande vyembamba kama sabuni ya hotelini.

Mwenye mawe ni Daktari, mwanamke mpole mwenye akili ya kutisha. Anataka kujua kama kaboni dioksaidi, ile gesi ya moshi wa viwanda, ikishindiliwa huko chini itatulia au itatoroka. Alinieleza nikiwa nimeegemea fagio. Jiwe lina vitundu visivyoonekana, vimejaa maji ya chumvi. Uso wa jiwe ukipenda maji, maji yanaukumbatia, gesi inakatikakatika na kunaswa katikati. Ukiyakataa, gesi inateleza ukutani na kwenda zake. Jamani! Nimetembea miji mingi, sijawahi kusikia jiwe lenye mapenzi.

Jumanne, 7 Mei

Kesho wanakuja wageni. Wao ndio wataamua kama utafiti uendelee au chumba kifungwe. Fundi wa maabara, ambaye nimembandika jina Glavu maana havui glavu hata akijikuna, anajigamba kwamba mawe ya wageni ataandaa yeye. Eti, "Wewe baki na ndoo yako, kaka."

Sawa! Alipokwenda kula, nikalitoa jiwe lililochimbwa kina kirefu kuliko yote. Liko moja tu. Limepauka, maskini, kama goti la mtoto. Nikalipaka mafuta yangu ya nywele, nikasugua mpaka nikajiona. Wageni watajua hapa pana bingwa.

Jumatano, 8 Mei

Aibu! Daktari kadondosha tone la maji juu ya jiwe langu. Badala ya kutandaa, likasimama duara, kama linaogopa kulowa. Wageni wakakunja nyuso. Mmoja akauliza, kama jiwe lenyewe ndilo hili, gesi si itatoroka yote? Daktari akainama, akanusa. Akanitazama. Nikatazama dari.

Hakunitaja! Akachukua kipande kingine, kisafi, akadondosha: tone likatandaa kama mkeka. Akawaambia kwamba utando mwembamba tu wa mafuta unageuza tabia ya jiwe zima, na huko chini yapo mawe yenye mafuta yake ya asili. Ndiyo maana hatukisii, tunapima. Wageni wakapiga makofi. Mimi nikapiga kuliko wote. Kichwa kile kina injini!

Ijumaa, 10 Mei

Utafiti unaendelea. Ila lile jiwe la pekee, Daktari analiosha kwa dawa siku ya pili sasa, kwa mikono yake, na tone bado linanuna. Hajanigombeza. Kasema tu, "Mdogo wangu, jiwe usiliguse tena kwa mkono mtupu." Glavu alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa boksi zima la glavu.

Nimetii. Glavu zenyewe zinabana mno, haziingii. Nikazipaka yale mafuta yangu, ndani na nje. Sasa zinateleza zenyewe! Nimeshapanga upya mawe ya rafu nzima. Glavu, na ufundi wake wote, ujanja huu haujui.

Na ile nyota niliyojisifia Jumatatu? Sina. Mkurugenzi hakunichagua, shangazi yangu ndiye alimbembeleza mwezi mzima anipe kazi.