Gari Nyekundu Inayokunywa Maziwa

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2 mwezi wa saba 1956

Mimi Sebahire, niko na miaka sabini na mbili. Nimeishi kupita ugonjwa ulioua ng'ombe za mulima huu wote nikiwa mutoto. Nimepita vita mbili za wazungu, moto wa Nyamulagira ulioshuka mpaka ziwani karibu na Sake, mapadri wane, na meno yangu yote isipokuwa matano. Asante Mungu. Nasema haya ili anayesoma ajue haandikiwi na mutoto.

Na sasa niko na gari!

Gari ya mbio. Nyekundu. Viti viwili, haina paa. Bwana Honoré, muzungu wa shamba la pareto, amerudi kwao kwa sababu ya kifua. Jana aliniita mbele ya wafanyakazi wake wote, akasema nimeivuta gari hii na ng'ombe zangu kutoka kwenye mifereji mara nyingi kuliko yeye alivyoiendesha, kwa hiyo njo yangu, si yake tena. Nililia kidogo. Hapana, nililia sana. Mungu amulinde, na kifua chake.

Amenipa ufunguo, manivela ya kuzungusha motere iwake, na kitabu hiki. Humu muntu anaandika tarehe na kila kitu alichoitendea gari. Mimi nilijifunza herufi kwa katekisimu, miezi mitatu, nikapita wenzangu wote. Basi naandika.

Kazi ya leo: nimeipangusa. Mara nne.

Sasa jambo kubwa. Posho, siku ya sita ya juma lijalo, tarehe 14, mujukuu wangu Béata anaolewa. Baba yake, kijana wangu wa kwanza, alikufa kule Walikale, kwenye mashimo ya bati, mutoto akiwa na miaka mitatu. Niliapa juu ya kaburi kwamba Béata ataingia kanisani kama binti ya mukubwa. Sikujua kwa njia gani. Sasa najua! Nimetangazia kilima kizima kabla ya chakula.

Shemeji yangu Straton, kaka ya bibi yangu, amenuna. Yeye njo mukubwa wa wabebaji wa kipoyi. Arusi zote za hapa, bibi-arusi anabebwa na watu wake mabegani, ndani ya kile kitanda cha miti. Na anayefikisha bibi-arusi njo anaketi kiti cha mbele na kusema hotuba. Straton amesema hotuba ile ile miaka ishirini. Leo akaniambia mbele ya watu: "Shemeji, kipoyi yangu haijawahi kuomba mafuta ya esansi." Nikamujibu kweli, inaomba pombe tu. Watu wamecheka upande wangu.

Siku ya tatu, tarehe 4

Radiatere inavuja. Radiatere njo kile chombo cha mbele kinachokunywa maji ili motere isiungue. Ni kiangazi, na maji iko chini kabisa ya mulima. Nimemwomba bibi yangu Nyirabagenzi alete mitungi miwili. Amejibu kwamba amenibebea maji miaka hamsini, lakini chuma kijibebee chenyewe. Mwanamuke wa akili! Namushukuru, maana hasira yake njo ilinifungua kichwa.

Maji iko mbali. Maziwa iko mulangoni.

Nimekamua Gaju, ng'ombe yangu mukubwa. Nimejaza radiatere mpaka mudomo. Nimezungusha manivela. Motere imenguruma, imetoa povu, imelia kama sufuria, halafu imeacha kuvuja! Maziwa imeganda pale pale kwenye tundu, imeziba. Fundi gani wa Goma angewaza hivi? Harufu ilikuwa kama ya nguo ya mutoto muchanga. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeizoea.

Kazi ya leo: maziwa, lita nne. Asante Gaju.

Siku ya tano, tarehe 6

Magurudumu inalia kama mbuzi kila nikisimamisha. Grese ya gari sina. Lakini mafuta ya ng'ombe iko mitungi mitatu. Kwetu mafuta ya ng'ombe inapakwa ngozi, ngoma, mutoto aliyezaliwa jana, na magoti yangu. Na magoti yangu inatembea.

Nimefungua magurudumu yote mane kwa nyundo na kwa uvumilivu. Ndani nimekuta vyuma viwili vinasuguana. Vikavu! Maskini, Bwana Honoré alikuwa muntu muzuri lakini hakuviona. Nimevipaka mafuta, tabaka ya kidole kimoja. Sasa kimya. Inazunguka kama hariri.

Nyirabagenzi ameuliza nani amechukua mafuta yake. Nimeomba tusali kwanza.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Siku nzuri kuliko zote tangu nizaliwe! Baada ya misa nimeiendesha peke yangu katika malisho. Upepo umechukua kofia. Nimeiacha iende. Nyasi zinakimbia huku na huku, mawingu yako chini yangu upande wa Sake, na ng'ombe zote wananifuata mukia juu wakidhani mvua inakuja. Niliimba. Sikukumbuka maneno ya wimbo, niliimba majina ya ng'ombe.

Kusimama imekuwa neno lingine. Nimekanyaga freni ili isimame, gari imeendelea polepole na kwa heshima mpaka ndani ya ua wa Straton. Ua ule umepandwa vibaya. Uko karibu mno na njia.

Straton ametoka na bakuli mukononi. Akauliza kama nimekuja kula. Nikamwambia ndiyo. Maharagi ilikuwa muzuri, namushukuru.

Siku ya pili, tarehe 10

Michel amekuja kutusalimia. Njo bwana-arusi wetu. Anafanya kazi kwenye kamio inayobeba mizigo kwenda Sake, anajua vyuma. Lakini ni kijana wa adabu: kabla ya arusi, muume hamubishii babu ya muchumba wake, hamutazami hata machoni. Anasema "Ndiyo, Papa," basi.

Amezunguka gari mara mbili. Amenusa radiatere. Amegusa gurudumu, amenusa kidole. Jasho likamutoka, na hakukuwa na jua. Mwishoni akasema polepole, akitazama majani, kwamba amesikia watu wengine wanasema freni inapenda ukavu.

Nikamuuliza watu gani.

Akasema: "Ndiyo, Papa."

Nikamuuliza kama ng'ombe aliyelishwa vizuri anatembea vizuri ao vibaya. Akasema vizuri, Papa. Nikasema basi. Akasema asante, Papa. Kijana muzuri sana! Béata atakuwa na amani. Alipoondoka nilimwona ameketi njiani, kichwa mikononi. Mapenzi.

Siku ya ine, tarehe 12

Balaa! Asubuhi nimekuta Gaju na dada zake watatu wanalamba magurudumu. Mafuta ya nje imekwisha. Upande wa kushoto rangi imekwisha pia, mahali pakubwa kama sahani. Nimewafukuza. Sikumupiga Gaju, maana gari inakunywa maziwa yake, na yeye pia alikuwa na haki. Nimepaka upya, mara mbili, ndani na nje.

Béata alikuja kunisaidia kupangusa. Ananiita Sogokuru, babu yake. Aliniuliza kwa upole kama sitaki aende na kipoyi, ao hata kwa miguu. Nikamuuliza kama ananionea haya.

Akaweka kitambaa chini. Akasema: "Sogokuru, gari isipofika watakucheka miaka kumi. Hilo njo linaniogopesha. Mimi hata kwa magoti ningefika."

Nikamweleza kaburi la baba yake na kiapo changu. Hakuwa anajua. Akapangusa taa moja mpaka ikang'aa kuliko zote. Halafu akasema posho akiketi ndani ya gari hii, hatashuka kabla ya mulango wa kanisa, hata Straton alie.

Basi sasa nimefungwa. Nimeshindwa kula. Nimekula kidogo. Viazi tu, na maharagi, na maziwa iliyobaki.

Siku ya posho, tarehe 14

Naandika usiku, usingizi umekataa. Ni furaha.

Béata alitoka nyumbani na nguo nyeupe. Nyirabagenzi alimutazama, akanitazama, akaniambia nikimuvunja mutoto nisirudi. Nikamushukuru kwa baraka yake.

Kutoka kwetu njia inapanda kwanza mpaka mugongoni kwa kilima, halafu inashuka mpaka kanisani. Kanisa liko katika bonde dogo: njia inapita mbele ya mulango na kupanda tena upande wa pili. Straton alitufuata nyuma na watu wanane na kipoyi tupu. Alisema ni kwa huruma.

Nusu ya mupando, motere ilianza kuchemka. Kizibo cha radiatere kiliruka juu. Povu jeupe lilitoka kama pombe changa, harufu ikafika mbele yetu. Straton alikuwa amekuja mbele ya gari ili acheke vizuri. Povu lilimupata usoni. Motere ikafa.

Watu wote njiani wananitazama mimi, Sebahire.

Straton alijipangusa, akaweka kipoyi chini, akasema kwa sauti ya hotuba: "Mutoto wangu, shuka. Njoo kwa watu wazima."

Béata hakusogea. Akashika mulango wa gari kwa mikono miwili. Akasema: "Babu Straton, mimi nimekwisha kuketi. Ukitaka kunibeba, beba na gari."

Straton aliwatazama watu wake. Mumoja akaanza kucheka, halafu wote wanane. Wakasogeza kipoyi kando ya njia na kushika gari nyuma. Mimi nilishika volan ya kugeuza gari, kazi ngumu kuliko zote. Walisukuma wakiimba ule wimbo wao wa kipoyi mpaka juu kabisa. Asanteni, asanteni watu wale! Straton akapanda nyuma yetu, juu ya turubai iliyokunjwa, ili aonekane amemufikisha yeye.

Na hapo gari ikaanza kwenda yenyewe.

Bila motere! Mafuta ya ng'ombe njo ilifanya kazi yake. Sikuwahi kuona kitu kinateleza hivi. Kitambaa cha kichwa cha Béata kilisimama nyuma kama bendera. Straton alinishika masikio. Chini niliona mulango wa kanisa, padri na maji ya baraka, Michel na suti ya kuazima. Nikakanyaga freni. Freni ilinijibu kwa upole sana, kama muntu anayeota.

Tukapita kanisa. Nikapiga kelele: "Michel, tunafika!" Michel akajibu: "Ndiyo, Papa!" na kuanza kukimbia nyuma yetu.

Gari ikapanda upande wa pili, ikachoka, ikasimama, ikarudi kinyumenyume. Tukapita kanisa tena. Padri alikuwa ameinua mukono wa kubariki. Alimubariki Straton peke yake. Tukapanda upande wetu, tukarudi tena. Michel huku, Michel kule. Watu walikuwa wanapiga makofi kila tukipita, na kila safari tukapanda kidogo kuliko mara iliyopita, kama mutoto anabembelezwa. Hata mwisho gari ikapumua na kusimama. Mbele ya mulango. Katikati kabisa!

Béata alishuka bila doa moja. Alinishika mukono, akasema sikioni: "Baba ameona." Nikapangusa ile taa yake tena.

Straton alipoteza sauti kwa kulia njia yote. Hotuba ilinijia mimi. Nilishukuru Mungu, Bwana Honoré, Gaju, Nyirabagenzi, wabebaji wanane mumoja mumoja, na Straton, ambaye alinishika masikio nisianguke. Alilia tena, bila sauti. Tulikunywa kibuyu kimoja yeye na mimi.

Wakati wa misa Gaju na dada zake walifika wakalamba gari yote. Inang'aa.

Siku ya kwanza, tarehe 16

Michel amekuja alfajiri. Sasa ni mukwe kamili, amepata ulimi! Aliongea saa nzima. Akafungua magurudumu, akaosha mafuta yote kwa esansi, akapangusa vyuma mpaka vikakauka. Radiatere aliitoa donge la maziwa kubwa kama ngumi, akaijaza maji aliyobeba mwenyewe toka chini ya mulima. Akaniapisha nisiguse. Kijana wa dhahabu. Nilimushukuru, nikamupa mutungi wa asali.

Nikajaribu gari. Inasimama pale pale. Na inalia kama mbuzi! Na radiatere inavuja.

Nilingoja mpaka Michel apite kona ya chini.

Kazi ya leo: mafuta ya ng'ombe, mutungi muzima, magurudumu mane. Maziwa, lita sita, maana mutoto wa kwanza wa Béata atabatizwa kanisa lile lile na lazima tujitayarishe mapema. Straton amekwisha kuomba kiti cha nyuma. Amefunga kamba mbili za kushika, ili aache masikio yangu.

Anayebisha maandiko haya aulize Straton, ingawa sauti yake haijarudi vizuri. Aulize padri, aliyetuhesabu kila tukipita. Ao aangalie ulimi wa Gaju: ungali mwekundu kwa rangi ya gari.