Naomba Mnirudishie Mwanangu Kama Nilivyomleta

Kuramitsu na Mwana, Wachonga Mihuri,
Mtaa wa Nyuma ya Stesheni,
Kofu.
18 Novemba

Kwa Profesa Hikosaka,
Mkuu wa Idara ya Kiingereza,
Chuo Kikuu cha Kuzumi.

Mheshimiwa Profesa,

YAH: MADHARA YA SOMO LA MAZUNGUMZO KWA KIJANA KURAMITSU SHUHEI, MWAKA WA PILI

Baridi imeanza kushuka kutoka milimani, na mashamba ya zabibu yamebaki vijiti vitupu. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe na walimu wote walio chini yako, isipokuwa mmoja, ambaye naye namtakia afya njema lakini mahali pengine.

Mimi ni mchonga mihuri ya majina, kama walivyokuwa baba na babu yangu. Nusu ya walimu wa chuo chako hugonga karatasi zao kwa mihuri iliyotoka mkononi mwangu. Wako pia, ule wa pembe ya nyati, uliouchukua mwaka uliopandishwa cheo. Kwa hiyo mimi nawe si wageni, na nisingekusumbua kama maji yasingekuwa yamenifika shingoni.

Nami nilisoma Kiingereza, Profesa. Nilikisoma miaka sita, na katika miaka hiyo yote hakikunidhuru hata siku moja. Mwalimu wetu, marehemu Tsukioka, aliingia darasani, akafungua kitabu, akasoma sentensi moja, akaitafsiri kwa Kijapani, nasi tukaandika. Kwa mwaka tulimaliza kurasa kumi na moja. Hakuna aliyeulizwa kitu, hakuna aliyeaibika. Baada ya mtihani tulikisahau wote kwa pamoja, kwa amani, kama watu wanaorudisha viti vya kuazima baada ya matanga. Nilipomleta Shuhei kwenu nilitegemea apewe Kiingereza hicho hicho. Nasikia wewe mwenyewe ungali ukikifundisha, na kwamba kwa miaka ishirini na saba hakuna mwanafunzi wako hata mmoja aliyetoka akaweza kusema neno. Hongera kwa kazi hiyo. Lakini mwanangu hakuwekwa kwako. Aliwekwa kwa Mwalimu Dumlao, mama wa Kifilipino, katika somo linaloitwa Mazungumzo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba mwalimu huyo huwauliza wanafunzi wanaonaje. Siku ya kwanza, mwezi wa Aprili, aliuliza swali. Vijana wote thelathini wakainamisha vichwa kama adabu inavyotaka. Mwalimu yeyote mwenye utu angejijibu mwenyewe akaendelea. Yeye alisubiri. Alisubiri dakika nne, Profesa, huku akitabasamu, mpaka kijana mmoja dhaifu akashindwa kuvumilia akajibu. Kijana huyo alikuwa wangu.

2. Kwamba ugonjwa huo umetoka darasani ukaingia nyumbani. Mwezi wa Mei, tukiwa mezani, mama yangu, mwenye umri wa miaka themanini na minne, alisema supu ya leo ni nzuri. Amesema hivyo kila asubuhi tangu nizaliwe, na sote hujibu, "Nzuri." Shuhei akasema, "Mimi naona imezidi chumvi, Bibi."

Mama akaweka vijiti vyake vya kulia chini. "Nani anaona?"

"Mimi."

"Wewe kama nani?"

Kijana akafikiri kidogo, kisha akamjibu kwa upole, "Kama Shuhei, Bibi."

Mke wangu, Fusae, akaionja supu, akainuka, akaenda kuiongeza maji. Maji aliyaongeza, Profesa, na nyumba ambayo mpishi wake ameanza kusikiliza hoja haina muda mrefu.

3. Kwamba amemfundisha kupinga wakubwa mbele za watu. Agosti, ukoo ulipokusanyika kuwakumbuka marehemu, kaka yangu Genzo alisimulia jinsi alivyokutana na dubu mlimani, akamkazia macho mpaka dubu akarudi nyuma. Kisa hicho hukisimulia kila mwaka, na kila mwaka dubu huongezeka kimo. Tunamwachia. Kaka hana kingine. Alipomaliza, Shuhei alisema, "Baba mkubwa, samahani, hapo sikubaliani nawe."

Genzo akasema, "Enhe?"

"Mwaka juzi ulisema ulipanda mti."

Ni kweli alisema hivyo, na hapo ndipo penye ubaya. Shuhei angesema uongo tungeweza kumkemea. Kaka alicheka kwa sauti kubwa mno, akasema ana safari ya mapema, akaondoka kabla ya tikitimaji kukatwa. Tangu siku hiyo hajapiga simu.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wangu alikwisha kufunzwa na mamaye. Ulimwengu haukuwa na haja ya kupanda ndege umfuate Kofu.

4. Kwamba ameanza kuwaharibu wateja. Unajua desturi ya mabenki yetu, karani mdogo akigonga muhuri wake huulaza kidogo upande wa muhuri wa bosi, uonekane unamwinamia. Septemba alikuja karani mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Shuhei akamuuliza, "Kwa nini mnauinamisha?" Yule bwana akasema ndivyo wanavyofanya. "Sawa, lakini kwa nini?" Karani alikaa kwenye kigoda karibu robo saa, kofia mapajani. Kisha akasema, si kwa Shuhei wala kwangu, "Miaka kumi na tisa nauinamisha." Akatoka bila kuagiza kitu. Nasikia ameomba uhamisho.

5. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Tarehe tatu ya mwezi huu, nikifunga duka, Shuhei aliniambia, "Baba, naomba unisikilize. Duka sitalirithi. Nina sababu tatu."

Kwetu, Profesa, mtu mwenye habari kama hiyo huiacha hewani, nasi tunainusa kwa miaka kumi mpaka tuizoee. Haji nayo mkononi kama karatasi ya mtihani. Lakini alikuja nayo, akahesabu kwa vidole.

"Kwanza, mkono wangu hautulii. Unajua, maana kila herufi ninayoharibu unaichonga upya nikishaondoka. Pili, watu wanaacha mihuri. Unajua, maana tangu kiangazi unachonga majina ya watu ambao hawajaagiza. Tatu, nataka kuwa mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa Kiingereza."

Nilisubiri aongeze sababu moja ya uongo, nipate pa kumshikia. Hakuongeza. Nyuma ya pazia sauti ya vyombo ilikuwa imekoma; mama yake alikuwa ameacha kuosha. Nami nikafanya kitu ambacho sikuwahi kumfanyia mwanangu. Nilizima taa nikamwacha amesimama pale dukani.

6. Kwamba mwalimu huyo amenidhalilisha mimi binafsi ndani ya chuo chako. Alhamisi iliyopita, siku ambayo hatufungui, nilivaa suti yangu ya mazishi nikaja. Nilimkuta kwenye ujia wa ghorofa ya tatu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, amebeba boksi la karatasi. Nilikusudia kumwambia kwa Kiingereza, ili asiseme hakuelewa, kwamba amwache mwanangu. Niliita miaka yangu yote sita. Ikaja sentensi moja. Nikaisema kwa ukali wote niliokuwa nao:

"Mkia wa kindi ni mrefu kuliko mkia wa sungura."

Aliweka boksi chini. Hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeletewa habari nzito, akaniuliza, polepole ili nielewe, "Kweli? Kwa nini unafikiri hivyo?"

Kisha akasubiri.

Sentensi ile niliiandika mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mitatu, darasani kwa marehemu Tsukioka. Katika miaka arobaini hakuna mtu, si mwalimu, si mke, si mteja, aliyepata kuniuliza kwa nini nafikiri jambo lolote. Niliinama, nikashuka kwa ngazi za dharura.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima yafuatayo. Shuhei ahamishiwe darasa lako mara moja, akae safu ya nyuma, asiulizwe kitu mpaka apone. Mwalimu Dumlao apewe somo lisilo na maswali. Nadhani mnayo mengi. Endapo chuo hakiwezi, basi wanafunzi waliokwisha kushika Kiingereza wazuiwe kurudi makwao wakati wa likizo mpaka wakaguliwe, kama matunda ya kigeni yanavyokaguliwa bandarini, maana funza mmoja anatosha kumaliza bustani. Na ikibidi, somo lenyewe lifundishwe kwa Kijapani tu, na wewe tu, hadi nchi itulie.

Nisalimie walimu wote wa idara, karani wako, na yule mzee anayefagia majani getini, aliyenionyesha njia ya kutokea. Mama yangu anakusalimu, anauliza kama goti lako limepona. Fusae naye anakusalimu. Shuhei hajui kwamba nimeandika.

Wako katika heshima,
Kuramitsu Tatsuo
(muhuri)

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuutia waraka huu katika bahasha na kuifunga, nikaifungua tena. Nikiwa na miaka kumi na minane nilipata barua ya kukubaliwa katika shule ya mabaharia huko pwani. Baba aliisoma, akaiweka mezani, akaweka kisu cha kuchongea kando yake, akaenda kuoga. Alipotoka bafuni alinikuta nimeshika kisu, nachonga. Hatukusema neno, wala usiku ule wala baadaye, na mtaa mzima ulinisifu kuwa mtoto mwema. Isome barua hii, Profesa, kisha tafadhali usiifanyie lolote. Mwache kijana pale alipo. Na kama Mwalimu Dumlao hupokea watu wazima, mimi Alhamisi sina kazi. "Ndiyo" naijua tayari kwa lugha zote mbili; naomba anianzishie neno linalofuata.