Barabara kwa Jina Langu

Jumatatu, 2 Machi

Vizazi vijavyo vijue: leo, baada ya kutafakari sana, nimeacha kunyoa ndevu. Kiongozi wa umma asiye na ndevu ni karani tu. Mpaka jioni hakuna kilichoota. Kwetu sisi tuliotoka milimani, ndevu ni kama mvua hapa jijini Lima: husubiriwa tu. Shangazi Hermelinda ameuliza kama naumwa.

Ninachotaka ni kiti. Jumapili ya tarehe 15 tunachagua mwenyekiti wa kamati ya kilima chetu. Tunagombea wawili: mimi, Abencio Ccahuana, na Mama Eufrasia wa chungu cha jumuiya, anayelisha kilima kizima supu ya dengu na hajui nadharia hata moja. Mimi nasoma. Kila Jumamosi, ukumbi wa kanisa, kozi ya kuhamasisha umma. Kijitabu cha kozi nimekwisha kufika nusu. Nusu yenye picha.

Jumatano, 4 Machi

Mwalimu Zoila wa kozi yetu alitupa zoezi Jumamosi: tupite nyumba kwa nyumba tukawasikilize watu. Nimepita. Nyumba ya kwanza niliwaeleza faida za kusikilizwa mpaka chai ikapoa. Ya pili walinipa viazi nimenye, nadhani walitumaini mikono ikifanya kazi mdomo utapumzika. Ya tatu ni kwa Mzee Teodosio, kiziwi wa sikio la kushoto. Alinikalisha kushoto.

Hata hivyo umma umesema. Kilio ni kimoja, maji. Barabara imeliwa na maporomoko, lori la maji linaishia chini, na sisi wa juu tunapanda na ndoo. Jambo hilo nilikuwa nalijua kwa nadharia. Kwa vitendo, ndoo zetu huzibeba Shangazi.

Ndevu: mbili.

Jumamosi, 7 Machi

Darasani leo Mwalimu Zoila amesema kiongozi bora ni yule anayefanya kazi mpaka watu wasimhitaji tena. Niliandika. Kisha nikafuta. Nikanyoosha mkono, nikauliza, je, kama kiongozi hakubaliani na hilo? Akasema tuendelee na ukurasa unaofuata.

Habari mbaya zaidi nimezikuta kwenye foleni ya supu. Mama Eufrasia anataka kamati iitishe msaragambo, kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara, tena asubuhi ileile ya uchaguzi! Watu watoke kwenye sururu waende moja kwa moja kumpigia kura. Na hajasoma hata ukurasa mmoja. Hila hizo kazitoa wapi?

Mwenye pupa, wanasema, hadiriki kula tamu. Hao hawakuwa wanagombea. Nimeazima kipaza sauti cha kanisa, nikapanda juu ya tangi letu tupu, nikatangaza: kesho, kwa mwaliko wa Abencio Ccahuana, msaragambo wa Abencio Ccahuana, mje kwa Abencio Ccahuana na sururu zenu. Jina mara tatu. Barabara niliisahau, ikabidi nirudie.

Jumapili, 8 Machi

Wamekuja! Wote! Mzee Teodosio na sururu mbili. Mama Eufrasia mwenyewe, kajifunga kitambaa kichwani, kabeba sepetu. Sijawahi kuona umma ulioiva namna ile. Nilisimamia kutoka juu ya jiwe. Waliimba, walivunja miamba, walijaza mashimo, na wakati wa adhuhuri lori la maji likapanda likinguruma mpaka mlangoni kwetu. Shangazi alisimama na ndoo yake hajui aende nayo wapi.

Nikaanza hotuba. Nikaona watu wameweka sururu chini, wamekaa, wote wanatazama mlango wangu.

Mama Eufrasia akauliza kwa heshima kabisa chakula kinatoka saa ngapi. Nikamjibu kwamba leo Jumapili, chungu cha jumuiya kimefungwa, yeye si ndiye mwenye chungu?

"Msaragambo wa kilima hulishwa na kilima, mwanangu," akasema. "Huu umeuita kwa jina lako. Huu wako."

Kila aliyezaliwa milimani anaijua desturi hiyo. Hata mimi nimezaliwa huko. Shangazi alichukua kisu, akaingia kwenye banda la simbilisi wake, wale wanyama wadogo kama sungura anaowafuga kando ya jiko na kuwaita kwa majina. Alipotoka, banda lilikuwa kimya.

Walikula, wakasifu. Halafu Mzee Teodosio akanisogelea, safari hii kwa sikio zuri, akauliza siku ipi ya wiki inanifaa. Ana ukuta unaoinama. Nyuma yake jirani mwenye paa linalovuja. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Maana desturi ina nusu ya pili: anayeitikia mwito wako kwa siku moja, nawe utamrudishia siku moja. Mkono huenda, mkono hurudi.

Nilidhani wamevutwa na maneno yangu. Kumbe kila mmoja alikuwa na ukuta.

Jumapili, 15 Machi

Uchaguzi. Niliomba uahirishwe kwa sababu ya mazingira ya kihistoria. Wakauliza mazingira gani. Mgongo, nikasema, nilikuwa nimekesha na ukuta wa Teodosio. Hawakuahirisha.

Hotuba yangu ilikuwa nzuri, kwa kadiri walivyoniachia. Walionyoosha mikono kwangu: mimi na Shangazi. Baadaye Shangazi akaeleza kwamba alikuwa anafunga kilemba chake vizuri.

Mama Eufrasia kashinda. Akashukuru watu, akashukuru mvua isiyonyesha, kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Tusimcheke Abencio. Barabara tunayo. Na mtu wa kutujengea tunaye mpaka Krismasi."

Hawakucheka. Walipiga makofi, na hilo ndilo lililouma.

Jumatatu, 16 Machi

Mwalimu Zoila anasema baada ya vitendo lazima urudi kwenye nadharia, ujipime bila huruma. Nimejipima. Kosa nimeliona: kipaza sauti kilikuwa kidogo. Jina mara tatu halitoshi.

Tena, nani amewahi kupata nafasi kama hii? Mwaka mzima nitaingia nyumba kwa nyumba, na wenyewe watakuwa wamekaa, hawana pa kukimbilia, wakinisikiliza. Mwenyekiti yeyote angelia kwa wivu. Mwakani kiti ni changu. Shangazi, anayeteka maji mlangoni siku hizi, kasema ninawe kidevu, kina vumbi. Nikamwambia ni ndevu. Akaleta kitambaa, akapangusa, zikatoka.

Kesho ni zamu ya Mama Eufrasia. Anataka kuchimbiwa choo.