Geti la Rangi Mbili

Watu walimwita Mhandisi, ingawa kitu pekee alichowahi kujenga kikasimama ni visingizio. Kofia ngumu ya njano alikuwa nayo, futi ya kupimia ilining'inia kiunoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Makao yake yalikuwa kochi la dada yake. Asubuhi moja dada, baada ya miaka miwili ya uvumilivu, alimpa neno la mwisho: ikifika Jumamosi jioni kochi liwe tupu, na hataki kusikia hadithi.

Akiwa na mzigo huo kichwani, Mhandisi alikatiza uchochoro unaounganisha Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini. Ukutani palikuwa na tangazo: umoja wa wakazi wa Juu unatafuta fundi wa geti, ili kuwazuia wezi wa Chini. Akapiga hatua kumi, akakuta tangazo jingine. Umoja wa Chini nao unatafuta fundi wa geti, ili kuwazuia wezi wa Juu. Mhandisi alivua kofia. Kuna watu huomba miaka wasipewe, na yeye alikuwa amepewa akipita njia tu.

Ukweli ni kwamba mashati yalikuwa yanaibwa kwenye kamba pande zote mbili, na kuku vilevile. Lakini nani angeulizana na nani? Mama Cherehani, fundi nguo na mwenyekiti wa Juu, hakuwa amesemeshana na Mwalimu, mstaafu na mwenyekiti wa Chini, kwa miaka sita, tangu mtaro wa Juu ulipoziba takataka na maji yakashuka hadi sebuleni kwa Mwalimu, yakaogelesha vitabu vyake vyote.

Geti lilipatikana bure kwenye gereji iliyokufa, ambayo mwenyewe alikuwa anambembeleza kila mpita njia amwondolee vyuma. Lilikuwa la bati zito lisiloonyesha ng'ambo. Mhandisi alifunika uchochoro kwa turubai pande zote, akalisimamisha, akalipaka kijani upande wa Juu na bluu upande wa Chini. Kila umoja aliuambia kwamba upande wa jirani ameuacha na kutu makusudi, ili wezi waamke na aibu kila siku. Nawaambieni, watu waliifurahia kutu ya jirani kuliko rangi yao wenyewe. Juu wakaahidi kumlipa pikipiki ya umoja wao, iliyobaki mlinzi alipoacha kazi, Chini wakaahidi jenereta la umoja. Kila upande ukadai komeo lake na kufuli lake, na Mhandisi akakubali yote, kwani kukubali hakukumtoa jasho.

Jumamosi asubuhi akakabidhi geti la kijani. Mama Cherehani alimpa ufunguo wa pikipiki mbele ya watu, naye Mhandisi, akiwa tayari ameikalia, akatoa maelekezo ya mwisho.

"Sasa mama, nalijaribu kutoka upande wa wezi. Nikishapita, fungeni. Nitagonga, nitabembeleza, pengine nitalia. Msifungue. Mwizi wa siku hizi anaweza hata kujifanya mimi."

"Hata ukilia?"

"Hasa nikilia."

Wakampigia makofi. Akapita, komeo la Juu likagonga nyuma yake. Upande wa Chini akavuta turubai, akakabidhi geti la bluu, Mwalimu akafunga kufuli lake kwa taadhima, na jenereta likafungwa kwa kamba kwenye pikipiki. Mhandisi aliaga, akatia moto, akashuka mtaa mzima akipiga mluzi. Akafika mwisho.

Mwisho wa Mtaa wa Chini ni ukuta wa reli, na kwenye ukuta kuna ngazi za waenda kwa miguu, vidato arobaini. Wiki nzima, uchochoro ukiwa umefunikwa, Mhandisi alikuwa anapita ngazi hizo kila siku. Mtu aliyepima kila kitu hakuwahi kujiuliza magari ya Chini yanatokea wapi. Yalikuwa na njia moja tu, uchochoro.

Angeweza kuacha kila kitu akapanda ngazi mikono mitupu. Lakini kule ngazi zilikoelekea palikuwa na kochi la dada, nalo halikuwa lake tena. Aliitazama pikipiki, akaona hawezi kuiacha, akageuza.

Mwalimu alikuwa bado anapangusa vumbi kwenye bluu yake. Mhandisi alimwambia anataka kukagua komeo, Mwalimu akamfungulia kufuli lake. Lililobaki ni lile la Juu. Akagonga.

"Mama, ni mimi Mhandisi. Majaribio yamekwisha."

Upande wa pili watu walicheka kwa furaha. Mama Cherehani akasema kijana anajua kuigiza.

"Mama, siigizi. Fungua, nakusihi."

"Bado hujalia," akajibiwa.

Akalia. Na machozi, wallahi, yalikuwa ya kweli. Wa Juu wakazidi kushangilia ubora wa geti lao, hadi Mwalimu, aliyesikia neno "letu" mara ya tatu, akasogea na kuweka mdomo kwenye bati.

"Wewe mama. Geti lenu la rangi gani?"

Ilikuwa sauti ambayo Mama Cherehani hakuwa ameisikia kwa miaka sita.

"Kijani," akasema. "Lenu?"

"La bluu."

Komeo la Juu likavutwa. Mwenyekiti na mwenyekiti wakatazamana, kisha kwa pamoja wakamtazama mtu wa katikati, aliyekuwa ameshika usukani wa pikipiki huku kamasi zikimtoka. Mama Cherehani ndiye aliyeanza kucheka, kisha akamwambia Mwalimu pole ya vitabu, kwa sauti ndogo, bila kumtazama.

Pikipiki na jenereta vikawa mali ya umoja mmoja. Mtaro ulizibuliwa wiki hiyo hiyo, na koleo la kwanza hadi la mwisho lilishikwa na mtu mwenye kofia ya njano. Doria ya pamoja ilipoanza, ikaonekana geti linahitaji mtu wa kulilinda mchana na usiku.

Kwa hiyo dada alilipata kochi lake. Mhandisi sasa ana kibanda chake mwenyewe kando ya geti, nusu kijani, nusu bluu, na kitanda kinachomtosha kunyoosha miguu. Makufuli ni mawili, funguo ni mbili, mmoja kwa Mama Cherehani na mmoja kwa Mwalimu. Mlinzi akitaka kupita, anagonga.