Wiki Mbili za Daktari Kahiga

Kahiga alijua jambo moja tu kuhusu chanjo ya kuku, na hilo moja lilimtosha: haishiki siku hiyo hiyo. Inataka wiki mbili. Alisikia hayo katika duka la dawa za mifugo pale Ruiru, alikoingia kujikinga na mvua, na moyo ukamruka. Wiki mbili! Ni tapeli gani amewahi kupewa muda mzuri hivyo wa kupotea, huku mteja amekaa nyumbani anangoja kwa imani?

Basi msimu wa kideri ulipofika, kuku wakaanza kufa huku na kule, alivaa koti jeupe la rafiki yake kinyozi na miwani isiyomsaidia kuona chochote. Akatia barafu kwenye kikasha, juu yake chupa ya maji ya mfereji yenye tone la rangi ya keki, akaenda Mugutha. Akina mama wa huko wana utaratibu wao. Chupa ndogo kabisa ya chanjo ni ya kuku mia, na ikishachanganywa hailali, lazima iishe siku hiyo. Kwa hivyo hukutana uani kwa mmoja wao, kila mtu na vikapu vyake, wakagawana. Kahiga aliwapenda sana kwa hilo. Malipo waliyokubaliana kwa simu ni jogoo mmoja kwa kila kuku kumi, na hoteli moja ya Thika ilishaahidiwa majogoo.

Uani kwa Ndinda, mwenyekiti wao, Kahiga alisimama akahubiri.

"Akina mama, ndani ya damu ya kuku mna askari. Kuna wale wa kupiga yeyote anayeingia. Halafu kuna wa kusomea. Hao hawajui adui mpaka wafundishwe, na chanjo ndiyo mwalimu: tunawaletea adui aliyelegezwa, wamwangalie vizuri. Mara ya kwanza wanakawia, wiki mbili hivi. Lakini baadaye wachache wanabaki mle ndani wakimkumbuka. Siku akirudi, hata avae koti lingine, wanamrukia kabla hajaketi."

Alikuwa ameyasoma kwenye karatasi ya dawa, na yalivyomtoka vizuri alijihurumia kidogo kwa kuacha shule. Kisha akaongeza maneno ambayo hajawahi kumtapeli mtu bila kuyasema: kwamba yeye mwenyewe mamake anafuga kuku arobaini, kule Kiganjo, na mayai yao ndiyo yaliyomsomesha. Kuku walikuwa wa kweli. Karo aliila.

Ndinda alimsikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Akasema kuku wao wote ni sitini na chupa ni ya mia, na si vizuri dawa imwagwe, kwa hivyo amemwalika mgeni. Geti likafunguka. Tuktuk iliyojaa vikapu ikaingia, na juu yake, na kitambaa chake cha kanisani, ameketi Magdalene, mamake Kahiga.

Mama alishuka, akaliangalia lile koti, akaanza kulia.

"Kahiga wangu. Kumbe hii ndiyo kazi ulikuwa unanificha?"

Jirani yake alikuwa amezika kuku wote Jumatatu. Mama hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa wale arobaini. Akamtoa mmoja mwenye madoadoa, akamfungua jicho kwa kidole gumba tayari kwa tone la dawa, akamwinulia mwanawe. "Anza na wangu."

Kahiga aliangalia lile jicho, na lile jicho likamwangalia. Akasema barafu imeyeyuka, dawa imeharibika, ngoja akalete nyingine. Ndinda alimsindikiza mpaka getini akamwambia polepole, mama asisikie:

"Miaka miwili iliyopita, nikikaa kule Mwihoko, ulikuja na kofia. Nilingoja hizo wiki mbili zako, ya tatu nikabaki bila kuku hata mmoja. Nikakutafuta Kiganjo, nikampata mama yako. Ni mtu mzuri, sikumwambia kitu. Safari hii nilikujua kwa sauti kwenye simu, hujafika hata mlangoni. Si umesema, hata avae koti lingine?"

Pale stendi ya Ruiru angeweza kwenda zake Thika, na kusema kweli alisimama kidogo akifikiria. Lakini lile jicho! Akanunua chanjo halisi kwa pesa zake, zile alizokuwa ameweka za viatu, akarudi, akatia tone kwenye jicho la kila kuku, mia nzima. Alipouliza habari ya majogoo sita, Ndinda alimwambia hao wamelipia wale wa Mwihoko.

Kideri kilipita Mugutha, kikapita Kiganjo, na katika wale mia hakufa hata mmoja. Mama alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Kahiga akaanza kuitwa Daktari na watu asiowajua, akajisemea yameisha, sasa atafute mji mwingine.

Ulipotimia mwezi wa tatu simu ikalia.

"Daktari, kinga ya kuku inaisha, lazima askari wakumbushwe. Mama yako ashapanga vikapu."

Kahiga aliuliza kwa sauti ndogo hii itaendelea mpaka lini.

"Kila miezi mitatu," Ndinda akasema. "Kuku ndio wanasahau. Sisi hapana."

Kahiga akaenda kwa kinyozi kuomba tena lile koti.