Malalamiko Dhidi ya Mashine Inayohesabu Wageni Wasioonja Mkate

Tuyuk-Suu,
9 Aprili

Kwa Bi. Burulcha,
Mkazamwana wangu na Msimamizi wa Tovuti ya Nyumba yetu ya Wageni,
Chumba cha pili kushoto, ng'ambo ya ua.

Mpendwa Mkazamwana,

YAH: MASHINE YA KUHESABU WASOMAJI, NA KUFUTWA KWA BLOGU YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kama ulivyokuwa dakika tano zilizopita uliponipita na ndoo ya maziwa. Nakuandikia kwa sababu mambo haya ni mazito mno kusemwa juu ya chai, na kwa sababu kila nikianza kuyasema juu ya chai, mke wangu Zuurakan huinuka akaosha vyombo.

Kwanza, hongera kwa mafunzo yako ya siku mbili mjini. Wengine tulifundisha jiografia miaka thelathini na minane na hatujapata cheti chenye picha ya roketi. Tangu urudi, tovuti yetu imewekewa mashine inayojua nani kaja, katoka wapi, kakaa muda gani na katokea mlango upi. Jumapili ukatusomea matokeo mezani kwa ile sauti yako ya chini, ya adabu: "Baba, kati ya kila wageni mia wanaofungua blogu, tisini na wanne wanaondoka kabla ya sekunde kumi." Mwanangu Emilbek, mumeo, hata tonge hakulimeza. "Basi Ijumaa tuifute," akasema, "tuweke picha za vyumba." Makala mia mbili na kumi na mbili, mwanangu. Miaka kumi na minne nimeyaandika mabonde na vijito vya wilaya hii, na vitafutwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hao tisini na wanne ni watu wa namna gani? Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuugusa mlango akaondoka bila kuonja mkate. Daktari wa mifugo alionja. Mtu wa umeme aliyekuja kutukatia umeme alionja, akaomba na jamu. Yule aliyekuja mbio kutuarifu kwamba farasi wetu ameibwa alionja kwanza, ndipo akatuarifu. Leo watu tisini na wanne wanachungulia ukumbini kwangu, wananitazama usoni, wanageuka, halafu wewe unawaandika kwenye chati yenye rangi nzuri badala ya kuwaonea haya! Naomba majina yao. Kama mashine haina majina yao, basi majina ya wazazi wao yatatosha.

2. Nimetolewa katika hesabu ya nyumba yangu mwenyewe. Nakiri kwamba wiki ile ya kwanza nilifungua blogu mara arobaini kwa siku. Nilifungua kwa nia safi, nikasoma, na makala ya tisa ilinitoa machozi. Namba zikapanda, Emilbek akaanza kuniita Baba kwa heshima. Wewe ukaangalia, ukatabasamu, ukabonyeza kitu. "Baba, intaneti ya nyumbani haihesabiwi, inapotosha." Ala! Mtu asiyenijua, aliyeko Ureno, aliyekosea kubofya akitafuta bei ya mashine ya kufulia, huyo ni mgeni halali. Mimi niliyeijenga nyumba na kuyaandika maneno, napotosha.

Wala hukuishia kwangu. Kulikuwa na msomaji mmoja aliyepitia makala zote mia mbili na kumi na mbili, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sekunde nne. Nilifurahi hata nikashindwa kula. Ukamwondoa naye, eti ni roboti. Haya, ni roboti. Hebu niambie alipungukiwa na nini? Ndiye pekee aliyemaliza.

3. Kuhusu maboresho. Mwalimu wenu wa mjini anashauri kwamba makala yangu "Mabadiliko ya Mkondo wa Mto Wetu, Sehemu ya Tisa" iitwe "Mambo Saba Usiyoyajua Kuhusu Mto Huu". Nimekaa nikahesabu. Mambo usiyoyajua kuhusu mto huu ni arobaini na matatu. Naomba kuelekezwa niyatupe yapi.

Kisha ukanionyesha ule ukurasa wenye mabaka mekundu mahali watu wanapobonyeza. Sehemu ya Tisa ina aya thelathini, na zote ni buluu kama maiti. Wekundu wote umejaa kwenye pua ya mtoto wa farasi, kwenye picha ambayo Emilbek aliichomeka bila idhini yangu. Watu mia nane wameibonyeza ile pua. Sijui walitarajia nini kitokee. Nimeshindwa na mtoto wa farasi, na mtoto mwenyewe alikuwa ananya wakati picha inapigwa.

4. Kwa kuwa kupima ni kuzuri, nami nimeanza kupima humu ndani, kwa saa yangu ya shuleni. Emilbek hukaa mezani dakika saba, haongei, anaondoka: amechungulia tu. Jirani Sabyrkul hurudi kila siku kucheza sataranji, hukaa saa tatu, humaliza siagi: kwa kipimo chako huyo ni mgeni wa kupigiwa mfano. Zuurakan hunisikiliza kwa sekunde nne ninapoanza kueleza jambo, yaani sawa na roboti, ila roboti alifika mwisho. Kwa sheria ya Ijumaa, mke wangu wa miaka arobaini na mitano ingebidi afutwe na mahali pake pawekwe picha za vyumba. Nikaenda mbali zaidi, nikapima na makaburini. Kule watu hukaa muda mrefu sana na hakuna hata mmoja anayeondoka. Kwa takwimu, mwanangu, hapo ndipo mahali bora kuliko pote wilayani. Hongera kwao.

5. Na sasa shahidi wangu. Mashine yako yenyewe inasema yupo msomaji mmoja, huko Bishkek, mji mkuu, anayefungua blogu kila alfajiri na kukaa dakika kumi na mbili. Dakika kumi na mbili! Tangu mashine ifike amefungua makala ya 61 mara ishirini na sita, ile inayohusu barabara ya kwenda Chet-Bel. Ni dhahiri kwamba huyu ni profesa, anaandaa msafara wa kisayansi. Mtu asiye na elimu hawezi kusoma habari ya kokoto mara ishirini na sita. Nimekwisha kupaka chokaa chumba cha mwisho kwa ajili yake. Ijumaa atafungua akutane na picha ya godoro. Nitamwambia nini?

Kwa hiyo naomba kwa heshima: mashine ing'olewe, blogu iachwe, na uwekwe ukurasa wa mkate, ambao mgeni yeyote lazima aupitie na kuonja kabla ya kuruhusiwa kutoka. Ukiona mzigo huu unakuzidi, niko tayari kupokea usimamizi wa tovuti mimi mwenyewe, nawe urudi kwenye tanuru, ambako kazi yako haijawahi kulalamikiwa na mtu.

Wasalimie wote wa upande wenu wa ua, pamoja na Emilbek ikiwa atakaa zaidi ya dakika saba. Zuurakan anakusalimu, anasema chumvi imekwisha. Sabyrkul yupo hapa, naye anakusalimu huku anatafuna.

Ni mimi, nisiyehesabiwa,
Ishenaaly Boronbaev,
Mwalimu Mstaafu wa Jiografia.

Tanbihi: Nilimwomba Zuurakan bahasha, akaisoma barua yote. Alikaa zaidi ya sekunde nne. Kisha akasema: "Profesa wa wapi, mzee wewe? Huyo ni Burulcha. Anasoma kwenye simu akingoja mkate uive. Kwenye mashine simu zetu zote zinaonekana ziko Bishkek, maana mtandao wake unapitia huko. Hata ng'ombe angekuwa na simu, angeonekana yuko Bishkek." Nikamuuliza mbona hukujitoa kwenye hesabu kama ulivyonitoa mimi. Akanijibu: "Angejitoa, ungebaki na nani?"

Huko ni kughushi takwimu, mwanangu, na lazima nikukumbushe hivyo kwa maandishi.

Majira ya baridi ya kwanza baada ya harusi uliomba ruhusa ya kwenda Chet-Bel kumwona mama yako. Nilikuwa nasoma gazeti. Nikakujibu: soma makala ya 61. Imeandikwa mle kwamba barabara hufungwa na theluji mpaka Juni, na kuanzia Juni huwa tuna wageni mpaka Oktoba. Hukuniuliza tena. Nilidhani umeridhika. Kumbe ulikuwa unaifungua kila alfajiri kutazama kama nimebadilisha neno.

Barabara ya chini ya kwenda huko ilichongwa miaka mitano iliyopita na lori la makaa hupita kila Alhamisi, theluji iwepo isiwepo. Nilijua. Sikusahihisha kwa sababu niliamini hakuna anayesoma.

Nimesahihisha sasa hivi. Mashine ibaki. Ijumaa futeni mnachotaka, ila makala hiyo ya 61 iacheni. Kesho kutwa ni Alhamisi. Dereva wa lori nimemwambia, na Emilbek nimemwambia kwa sauti iliyofika mpaka nyumbani kwa Sabyrkul. Mkate nitaoka mimi, na wageni watauonja wakipenda wasipende. Kaa huko mpaka utakapotaka kurudi, sitashika saa. Mama yako akikuuliza ni theluji gani hiyo iliyokaa miaka mitatu bila kuyeyuka, najua kwamba kwa mila zetu mkwe hatamki jina la baba mkwe. Mimi nakuruhusu. Mtajie.