Asilimia Mbili za Bu Mishal

Sogeeni, enyi wenye masikio, zimeni simu zenu, mtulie kama jangwa la adhuhuri. Kwani nasimulia vita vya Bu Mishal, yaani baba wa Mishal kwa lugha ya huko, simba wa rimoti, mchunga jeti zisizo na rubani ndani, siku alipolipigania jina lake katika kiwanja chenye njia ya lami katikati ya mchanga, kusini mwa Kuwait.

Aibu ilizaliwa Ijumaa iliyotangulia. Jeti yake nyekundu, ndefu kama mtu mzima aliyelala, ilikuja kutua mbele ya baraza zima la rafiki zake. Aliposhusha vibawa, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyopunguza mwendo, pua iliruka kama iliyochomwa sindano. Akaisawazisha papo hapo kwa kitufe cha kidole gumba. Kisha akaahirisha kutua, akapandisha vibawa, na usawazo ule ule ukamsaliti: jeti ikapiga mbizi. Akarudisha kitufe. Akashusha vibawa tena, ikaruka tena. Ndipo Bu Dawwas, bingwa wa ulimi, akapaza sauti:

"Jamani, huyu si baba Mishal tena. Ni baba yake pomboo. Bu Pomboo!"

Jina likashika. Hata mmimina kahawa barazani akalitumia. Habari zilipomfikia mkewe, aliuliza jambo moja tu: "Huyo Pomboo nilimzaa lini mimi?"

Basi Ijumaa hii shujaa alirudi, ameandika shauri jipya katika rimoti: vibawa vikishuka, usukani wa mkia uinamishe pua wenyewe, vikipanda, urudi wenyewe. Kilichobaki ni kiasi cha kuinamisha, nacho kilipatikana angani tu. Kitufe cha kidole gumba alikuwa amekibandika plasta.

"Umeumia, Bu Pomboo?" aliuliza Bu Dawwas.

"Nimekipa talaka tatu," akajibu kwa sauti ya majemadari. "Shuhudieni! Leo ama nitatua nikiwa baba wa mwanangu, ama nitahamia baharini!"

Jeti ikanguruma, ikapaa juu sana, mahali ambapo kosa lina nafasi ya kutubu. Akashusha vibawa, akaachia vidole. Pua ikainuka. Akazungusha kirungu cha rimoti hadi asilimia moja. Pua ikainuka kwa haya. Akazungusha hadi mbili. Pua ikatulia, imenyooka kama safu ya wenye kusali.

"Tia tatu, usiogope!" Bu Dawwas akachochea.

"Mbili!" akanguruma shujaa, na jangwa likasikia.

Kisha akaiteremsha. Ilipokaribia, kidole gumba, msaliti wa zamani, kikakimbilia kitufe kwa mazoea, kikagonga plasta, kikarudi kimeaibika. Vibawa vikashuka. Baraza likaacha kutafuna tende. Na jeti haikuruka, haikupiga mbizi. Ilikuja kwa adabu, ikagusa lami kwa magurudumu mawili, kisha la tatu, ikasimama.

Bu Dawwas, bingwa wa ulimi, akainuka, akaliendea birika. Akachukua kikombe, akamimina kahawa kwa mkono wake.

"Haya, kunywa. Kunywa, Bu Mishal."

Shujaa akanywa. Kisha akampigia simu mkewe.

"Um Mishal," alisema, "mama wa mwanangu, nimetua."

"Naam, baba Mishal," akajibiwa. "Sasa rudi, wali unapoa."

Na iandikwe katika historia za mataifa, baada ya miji iliyotekwa na falme zilizoanguka: asilimia mbili, wala si tatu.